Shajara ya iMac ya 2011: RAM, SSD na makopo kumi na moja ya negativu

Jumamosi, 14 Juni 2025

Leo nimeanza kuskani saa tatu asubuhi. Adhana ya adhuhuri inasikika nimemaliza fremu tisa. Tisa tu.

Nieleze kazi yenyewe kwanza. Baba alikuwa na studio ya picha hapa Magomeni kwa zaidi ya miaka thelathini. Alipoifunga alirudi nyumbani na makopo kumi na moja ya biskuti yaliyojaa negativu za 35mm. Kila kopo lina vipande sitini hivi, na kila kipande kina fremu sita. Jumla ni karibu fremu 3,960. Kwa mwendo wa tisa kwa asubuhi nahitaji asubuhi 440, na filamu hazitanisubiri. Unyevu wa Dar es Salaam hauzihurumii: kwenye kopo la chini kabisa ukungu umeshaanza kuota kama utando wa buibui, na vipande kadhaa vimegandana.

Mashine ni iMac ya inchi 21.5, toleo la katikati ya 2011, niliyoinunua mtumba. Ina prosesa ya i5 yenye viini vinne, 2.5 GHz, RAM (kumbukumbu ya kazi ya muda) 4GB na diski ya kuzunguka ya 500GB. Sitaki kuibadilisha, kwa sababu skana yetu ya filamu nayo ni ya zamani na programu yake haikubali macOS (mfumo endeshi wa Apple) za miaka ya karibuni. Nikinunua kompyuta mpya itanibidi ninunue na skana mpya.

Hesabu niliyopaswa kuipiga tangu mwanzo ni hii. Fremu moja ya 35mm ikiskaniwa kwa nukta 2,400 kwa inchi, biti 16 kwa kila rangi, hutoa faili la TIFF la karibu MB 46. Lifungue, ongeza tabaka la kusafisha vumbi na la kurekebisha rangi, tayari umekula mamia ya MB kwa picha moja. Mfumo wenyewe unahitaji zaidi ya GB 2. RAM ikijaa, mashine huanza kuazima nafasi kwenye diski, na hapo ndipo kila kitu kinaganda. Leo nimeangalia kwenye Activity Monitor, programu ya Mac inayoonyesha kumbukumbu inavyotumika: GB 3.6 zilikuwa zimeazimwa. Yaani karibu nusu ya kumbukumbu yote iliyokuwa inatumika ilikuwa inaishi kwenye diski.

Na diski yenyewe inaumwa. Nimesoma ripoti yake ya SMART, ile hesabu ya afya ambayo kila diski hujiandikia yenyewe. Ina sekta 212 (vijisehemu vya kuhifadhia data) zilizohamishwa baada ya kuharibika, na 8 nyingine zinasubiri uamuzi. Diski nzima ina kazi ya Baba ya miezi mitano, na nakala nyingine hakuna. Usiku huu sizimi taa mpaka nimeanza kunakili.

Jumapili, 15 Juni

Bado inanakili. Kwa upande wa USB, iMac ya 2011 ina 2.0 tu, hivyo hata diski ya nje ikiwa nzima hupati zaidi ya MB 30 na kidogo kwa sekunde. Kwa GB 290 nilitegemea saa tatu, lakini kila mara kichwa cha diski kinapofika kwenye sekta mbovu kinajaribu tena na tena. Imechukua usiku mzima, na sasa ni saa nne asubuhi. Mafaili matatu yamekataa kabisa. Nimeandika namba zake. Negativu zake zipo, nitaziskani upya.

Wakati nasubiri nimeamua mambo mawili.

La kwanza, kuongeza RAM peke yake hakutatosha. Watu wengi wakiona mashine nzito hukimbilia RAM. Ila tazama diski inavyofanya kazi: sahani inazunguka mara 7,200 kwa dakika, ambayo ni mara 120 kwa sekunde. Kila mara mashine inapotaka kipande cha data, kichwa kinasogea kwenye njia yake kisha kinangoja sahani imletee kipande hicho, kwa wastani nusu mzunguko, milisekunde 4 na ushei. Zidisha kwa maelfu ya vipande vidogo ambavyo mfumo husoma wakati wa kuwaka. SSD, diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka. Inajibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde au chini ya hapo. Kwangu mimi diski ndiyo inayotangulia, RAM inafuata.

La pili ni mahali pa kuifunga. Ndani ya iMac hii nimefikiria nafasi mbili: pale penye diski kuu, au pale penye kisomeo cha DVD. Nafasi ya DVD ni rahisi zaidi kwa feni (nitaeleza mbele), ingawa njia yake ya SATA (inayopitisha data ya diski) ina nusu ya kasi, gigabiti 3 kwa sekunde badala ya 6. Lakini Baba ana CD na DVD za harusi za miaka ya 2000, picha ambazo negativu zake hazipo tena. Kisomeo hakitoki. Na diski inayokufa haina haki ya kubaki ndani. SSD itakaa mahali pa diski kuu.

Jumatano, 18 Juni

Nimetoka kazini, nimepanda mwendokasi mpaka Kariakoo.

Duka la kwanza kijana aliposikia kompyuta ni ya mezani akaniletea RAM ndefu. Nikamwambia, kaka, hii ni ya mezani kwa jina tu, tumbo lake ni la laptopu. iMac hii inatumia SO-DIMM, ile fupi ya pini 204, DDR3 ya 1333 MHz. RAM ndefu ya mezani ina pini 240 na haiingii hata ukiilazimisha. Ukienda dukani, nenda na RAM moja ya zamani mkononi. Mabishano yanaisha hapo hapo.

Nimenunua mbili za 8GB, shilingi 35,000 kila moja. Nafasi ziko nne na mbili ziko wazi, kwa hiyo zile mbili za 2GB zinabaki na jumla inakuwa 20GB. Kwenye karatasi za Apple kikomo cha mashine hii ni 16GB, ila inakubali hadi 32GB bila tatizo.

SSD ya SATA ya inchi 2.5, 1TB: shilingi 165,000. Fremu 3,960 zikiwa MB 46 kila moja ni karibu GB 182, hivyo panabaki nafasi kubwa ya nakala za kazi. Fremu ya bati ya kuigeuza iwe na upana wa diski ya inchi 3.5: shilingi 8,000. Bisibisi za Torx, zile za nyota ya ncha sita, T8 na T10. Na mipira miwili ya kunyonya, ile mafundi simu wanayotumia kuinulia vioo.

Ijumaa, 20 Juni, usiku

RAM ndiyo sehemu nyepesi kwenye mashine hii, na ningemshauri yeyote aanze nayo. Nimezima, nimechomoa waya, nimeilaza kifudifudi juu ya taulo. Kwenye ukingo wa chini kuna kifuniko kirefu chenye skrubu tatu za nyota ya kawaida. Ukikiondoa unaona ndimi nyeusi za plastiki za kuvutia RAM. Nimegusa chuma cha stendi kwanza ili kumwaga umeme tuli mwilini, kisha nimezisukuma mbili mpya mpaka zikaingia sawasawa.

Nimewasha. Hakuna mlio wa kuamka. Milio mitatu mifupi, kimya cha sekunde tano, milio mitatu tena.

Milio hiyo ina maana. Mlio mmoja unaojirudia kila sekunde tano unasema hakuna RAM kabisa. Mitatu inasema RAM ipo lakini haijafaulu kipimo. Nimetoa zote, nikarudisha moja moja. Zile za 2GB sawa, ya kwanza ya 8GB sawa. Ya pili milio mitatu, hata nilipoihamishia nafasi nyingine. Basi kosa liko kwenye RAM yenyewe na si kwenye mashine. Nimefarijika, kwa sababu nafasi iliyokufa isingebadilishika dukani.

Jumamosi, 21 Juni

Dukani wamenibadilishia bila maneno. Risiti ilikuwa mfukoni, na RAM ilijaribiwa mbele yangu kwenye laptopu yao kabla sijaondoka. Saa nane mchana mashine imesoma 20GB.

Nimeskani fremu mbili za majaribio. Kilichoazimwa kwenye diski: sifuri. Kufungua programu bado ni kule kule kwa zamani, naweza kuchemsha chai. RAM imeondoa kuganda katikati ya kazi. Uzito wa kuanza umebaki palepale. Ndivyo nilivyotarajia.

Jumamosi, 28 Juni

Siku ya kufungua.

Nilimwomba Baba anishikie kioo, naye akatoka chumbani na vitu vitatu: glavu nyeupe za pamba alizokuwa akishikia negativu, pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, na kitambaa cha lenzi. Nilikuwa nimeandaa fulana ya zamani. Amenitazama akasema, "Mwanangu, fulana inaacha manyoya. Kioo kikirudi na unyoya ndani utaukuta kwenye kila picha." Ni kweli. Kwenye mashine ya kuhariri picha, punje moja nyuma ya kioo ni punje utakayojaribu kuifuta kwa mwaka mzima ukidhani iko kwenye negativu.

Kwenye toleo hili kioo cha mbele hakijagundishwa. Kinashikwa na sumaku pembeni. Matoleo membamba yaliyoanza mwishoni mwa 2012 yana skrini iliyobandikwa kwa gundi, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Nimebandika mipira miwili kwenye kona za juu, nikavuta taratibu, kioo kikatoka kwa mlio mdogo. Baba amekipokea kwa viganja, akishika kingo tu kama ashikavyo negativu, akakilaza juu ya shuka safi, upande wa ndani ukitazama chini ili vumbi lisitue.

Skrini ya LCD imefungwa kwa skrubu nane za T10. Tahadhari: sumaku za kioo ziko hapo hapo, na skrubu ikiponyoka bisibisi inaruka na kujibandika pembeni au inatumbukia ndani. Moja imeniponyoka. Nimeitoa kwa kibano kabla ya kugusa kingine chochote.

Ukiinua LCD kutoka juu, usiivute. Nyuma yake kuna plagi nne: ya picha, ya umeme wa taa za nyuma, ya kihisi joto, na utepe mwembamba wa mapigo ya skrini. Nimepiga picha kila moja kwa simu kabla ya kuitoa. Upande mmoja kuna bodi ya umeme iliyo wazi kabisa, yenye kapasita zinazoweza kubaki na chaji hata waya ukiwa umechomolewa. Nilikuwa nimechomoa tangu asubuhi, na bado mkono haukupita huko. Naandika hili wazi kwa sababu watu huichukulia kama laptopu. Laptopu haina umeme wa ukutani ndani ya tumbo lake, hii inao.

Diski kuu imeshikwa na skrubu mbili upande wa juu. Ukizitoa, unaiinamisha na kuinyanyua kutoka kwenye vishikizo vya mpira. Nimehamishia mabano na misumari yake kwenye fremu ya bati yenye SSD, nikarudisha, nikachomeka waya wa data na wa umeme. Kabla ya kufunga, Baba amepuliza vumbi kwenye mapezi ya kupoza. Lilitoka tandiko zima la kijivu, la tangu 2011 nadhani.

Nikarudisha skrini, skrubu nne tu kwanza, kwa majaribio. Nikawasha. Mlio wa kuamka umesikika vizuri, lakini skrini nyeusi tititi.

Nilisimama kama dakika nzima bila kusema neno. Nikawaza nimeua LCD. Baba akachukua tochi, akaimulika kwenye skrini kwa pembeni, akainama. "Picha ipo," akasema. "Taa ndiyo haipo." Nikainama naye: alama ya folda yenye kiulizo ilionekana hafifu, kama negativu kabla hujaipandisha kwenye mwanga. LCD nzima, taa za nyuma hazina umeme. Nikazima, nikachomoa, nikafungua tena: plagi ya taa ilikuwa imekaa nusu. Nikaisukuma mpaka ikagota.

Kiulizo kilikuwa sahihi, maana diski mpya ilikuwa tupu. Nimechomeka flashi ya macOS High Sierra, toleo la mwisho mashine hii inaloruhusiwa rasmi, nikashika kitufe cha Option na kuanza usakinishaji. Sikunakili mfumo wa zamani. Diski mbovu inaweza kuwa imeharibu mafaili ya mfumo kimyakimya, na sitaki kuhamisha ugonjwa kwenye nyumba mpya. Picha tu ndizo zitakazorudi.

Kioo nimekirudisha usiku, baada ya Baba kukikagua dhidi ya taa mara tatu.

Jumapili, 29 Juni

Feni.

Dakika kadhaa baada ya kuwaka, sauti ilianza kupanda, ikaendelea kupanda, mpaka ikawa kama kikaushia nywele ndani ya chumba. Baba aliuliza toka sebuleni kama kuna kinachoungua. Hakuna. Joto la prosesa lilikuwa la kawaida. Ni feni ya diski, ikizunguka kwa kasi yake ya mwisho.

Hili nililijua kabla ya kuanza, na ndilo nililosema nitaeleza. Katika iMac za 2011, joto la diski kuu husomwa kupitia waya uleule wa umeme wa diski. Diski iliyotoka na mashine ina programu maalumu ndani yake inayotuma joto kwenye waya huo. Diski nyingine yoyote haijui lugha hiyo. Mashine isiposikia kitu, inajilinda: inadhani joto limezidi, na inaisukuma feni mpaka mwisho. Ni busara upande wa usalama, ila huwezi kufanya kazi humo.

Njia ni tatu. Kuna waya maalumu wenye kihisi chake wa kuagiza nje, na huo unachukua wiki. Wapo wanaounganisha pini za kihisi pamoja ili feni ikae chini siku zote. Sikuipenda: feni hiyo inapoza zaidi ya diski, na hapa kwetu chumba hufika nyuzi 32 mchana. Mashine iliyodanganywa kwamba ni baridi siku zote haitajitetea siku ya joto la kweli.

Nimechukua njia ya tatu, programu ya Macs Fan Control. Inasoma joto la SSD kwenye ripoti yake ya SMART na kuendesha feni kwa kulifuata. Nimepanga ianze kupanda kwenye nyuzi 40 na kufika kasi kamili kwenye 60. Ndani ya sekunde chache feni imeshuka hadi mizunguko 1,100 hivi kwa dakika, na nimesikia saa ya ukutani.

Udhaifu wake ni kwamba programu haifanyi kazi kabla mfumo haujawaka. Ukiwasha kwa flashi, kelele inarudi. Nimeandika karatasi na kuibandika nyuma ya stendi: diski si ya asili, feni ikipiga kelele angalia programu kwanza, usifungue mashine. Fundi mwingine atakapoikuta siku moja, asitafute ugonjwa usiokuwepo.

Jumatano, 2 Julai

Kazi ndogo, lakini usiiruke. Kwenye SSD ambayo haikutoka na mashine, macOS haiwashi TRIM yenyewe. TRIM ni amri inayoiambia SSD vipande vipi vimefutwa na havihitajiki tena. Bila hiyo, SSD inaendelea kubeba takataka kana kwamba ni mali, na uandishi unazidi kuwa mzito kadiri inavyojaa. Kwetu tunaandika na kufuta mafaili ya MB 46 kutwa nzima. Kwenye Terminal, programu ya kuandikia amri: sudo trimforce enable, kubali mara mbili, mashine inajizima na kuwaka upya.

Picha zote GB 290 zimerudi. Diski ya nje sasa ni nakala ya pili, na nimeshaongea na dada yangu wa Temeke: ya tatu itakaa kwake. Diski ya zamani nimeifunga kwenye bahasha na tarehe juu yake.

Jumamosi, 5 Julai

Asubuhi ya kwanza kamili ya kazi. Kuwaka mpaka kutulia: zamani dakika 3 na sekunde 50, leo sekunde 31. Programu ya picha: kutoka dakika moja na nusu hadi sekunde 7. Skana yenyewe haijaongeza kasi na haitaongeza, inasoma fremu kwa mwendo wake. Tofauti ni kwamba inaposoma ya pili mimi nasafisha ya kwanza, na hakuna kinachoganda. Saa tatu hadi adhuhuri: fremu 34. Makopo kumi na moja sasa ni asubuhi 117. Baba amesema tuanze na kopo la chini, lile lenye ukungu.

Joto la SSD halikuvuka nyuzi 43 na feni sijaisikia.

Baba amekaa kiti cha pembeni asubuhi nzima, anataja majina na mitaa, mimi naandika kwenye jina la faili. Fremu ya 19 ilipofunguka ameniambia nisogeze kwenye kona, kuna saa ukutani nyuma ya bibi harusi. Tumekuza mpaka mishale ikasomeka. Amesema hiyo ni studio ya kwanza, kabla hajahamia upande wa pili wa barabara. Mwaka wake ameahidi kuutafuta kwenye daftari la risiti.

Vipande vilivyogandana tumeviweka kando. Hivyo mashine haiviwezi, vinataka kulowekwa kwenye maji yaliyochujwa na kutenganishwa kwa mkono. Baba atavianza Jumatatu, Saba Saba, nami nitakuwa nyumbani kumshikia beseni.